Udongo Uliochemshwa

Kwenye arobaini ya Somoe, nyumbani kwa binti yake pale Shangani ya Mtwara, kisomo kilipokwisha na masinia ya pilau yakawa yanarudi jikoni matupu, wanawake watano tuliosoma naye tulijikuta kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na miwani yake na magoti yake. Hatukuwa tumekaa pamoja tangu sekondari. Haukupita muda mmoja wetu akasema, "Jamani, mnamkumbuka Bi Salma alivyopika udongo?" Tukacheka mpaka mjukuu wa marehemu akaja kuchungulia mlangoni kama kuna ubaya. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuusimulia mkasa ule. Kwa huyu sufuria lilipasuka, kwa yule Bi Salma alitia chumvi akaonja. Nilicheka nao, ila vidole vyangu vilikuwa baridi juu ya kikombe cha kahawa ya moto, na nilipojiuliza kwa nini, nikaona kwamba katika vicheko vyote vile hakuna aliyetaja woga. Tumezeeka, woga umetutoka mdomoni, kimebaki kichekesho. Lakini mimi mwaka ule niliuishi kwa woga kama mwingine anavyouishi kwa maradhi. Niliamka nao, nilikula nao, nilikwenda nao kuoga. Na Somoe angekuwa amekaa nasi pale mkekani, nadhani naye angecheka kwanza, halafu angenitazama.

Ulikuwa mwaka ambao watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, na ng'ambo ya Ruvuma vita ilikuwa bado haijaisha. Shule yetu ya wasichana ilikuwa nje kidogo ya mji wa Mtwara. Upepo ukigeuka tulisikia winchi za bandarini zikilia, na upepo ukigeuka tena tulisikia mengine, kutoka kusini, ambayo hatukutaka kuyapa jina. Nilikuwa kidato cha pili, mgeni kutoka Njombe, na aibu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kuumiza tumbo. Mwalimu akiuliza swali nilikuwa na jibu na jibu lilibaki kooni. Wenzangu wakaniita Bubu. Jioni niliandika mambo ya siku katika daftari, kwa sababu karatasi haikutazami usoni, na nikiyasoma leo yale niliyoyaandika mengi ni chakula na hali ya hewa na maneno "leo hakikutokea kitu", yamepigiwa mstari kama dua iliyojibiwa. Bweni letu lilikuwa la bati, refu, lenye harufu ya mafuta ya taa na taulo zisizokauka. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ya zamani ili mwanga usitoke nje. Kitanda cha kando yangu kilikuwa cha Somoe. Mngurumo ukisikika, wasichana walinyamaza wote na kusubiri yeye aseme. "Radi hiyo," alikuwa akisema, na bweni zima likapumua. Kuna nyakati hakusema kitu. Alijigeuza tu akaelekea ukutani, nasi tukajua.

Somoe alizaliwa ng'ambo. Mama yake alimvusha kwa mtumbwi akiwa mdogo, wakatokea Kilambo, upande wetu wa mto, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona ajabu, maana huku na kule ni ukoo mmoja, ni mto tu umepita katikati. Mama yake alifariki Somoe akiwa darasa la saba. "Mwanangu, sina mtu," alikuwa akiniambia kwa sauti ya kuigiza wazee, akijifanya mtani, ila ilikuwa kweli. Mwaka ule watu wakaanza kuuliza. Ng'ambo wapi? Kwa nani? Na mjomba wako yuko upande gani? Alijibu yote kwa adabu, mikono nyuma, na kila jibu lilizaa swali.

Tulichimba mahandaki. Nayakumbuka vizuri kuliko darasa lolote. Wanaume wa jirani walitangulia kwa sururu, sisi tukafuata na makarai, tukachimba kupita kina cha mtu, na ule udongo wa chini ukapandishwa juu na kurundikwa kando, mwekundu, laini, usio na mzizi hata mmoja. Vilima vyake vilizunguka shule nzima. Ndipo shule ikapewa kazi ya kuotesha miche ya mikorosho kwa ajili ya kijiji kipya kilichokuwa barabarani kuelekea mtoni. Watu wale walikuwa wameshushwa na malori kwenye ardhi iliyofyekwa juzi, mikorosho yao ya miaka yote imebaki walikotoka, na walichoahidiwa ni miche hiyo, mvua zikianza. Mkuu wa shule, mama mmoja mrefu tuliyemwita Madamu, aliviangalia vile vilima vya udongo akaona neema. "Udongo huu hauna magugu, hauna mchwa, hauna minyoo," alituambia mstarini. "Ni safi. Hatuna haja ya kuhangaika kutafuta mwingine." Neno safi tulilipenda sana miaka ile. Mwalimu Kapinga wa kilimo, kijana wa Songea mwenye shati moja jeupe, alikuna kichwa, lakini kiongozi alikuwa amekwisha kusema na udongo ulikuwa pale pale. Tukajaza viriba vyetu vya nailoni kwa udongo wa mahandaki, wawili wawili, kila jozi na mstari wake. Nilipangwa na Somoe.

Siku ya kupanda korosho, wengine walipokwenda kunawa, nilimwona amefungua pindo la kanga yake na kutoa udongo mwingine, mweusi kidogo, wenye vijizizi ndani kama nywele, akawa anatia konzi ndogo katika kila kiriba chetu. Nilitoa macho. "Ni wa chini ya ule mkorosho wa nyuma ya jiko la Bi Salma," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mama alikuwa akifungua shamba jipya lazima abebe udongo wa shamba la zamani, aweke kidogo kila shimo. Unayatambulisha mashamba. Shamba lisiwe geni." Nikamuuliza kama ni dawa. "Dawa gani, Bubu? Ni udongo. Usiseme lakini. Hapa kila kitu cha kwetu ni ushirikina." Hilo lilikuwa kweli. Tulikuwa na mwalimu aliyekagua shingo zetu kutafuta hirizi. Nilimwahidi kwa kutikisa kichwa, na ahadi yangu ilikuwa rahisi, maana bubu anamwambia nani?

Miche iliota yote, mizuri, sawasawa, maana korosho ina chakula chake ndani na mche mchanga hula akiba ya mama yake. Kisha ikasimama. Sijui niseme namna gani, ilikuwa kama watoto waliofika kimo fulani wakakataa kukua. Majani yakafifia, yakawa ya njano, kingo zikakauka. Mstari baada ya mstari. Isipokuwa wetu. Wetu ulikuwa unapanda, majani mapana ya kijani, na siku za kwanza nilijisikia fahari ambayo sikuwahi kuijua. Halafu nikaona wenzetu wanavyoutazama. Nikaanza kuogopa rangi ya kijani. Nilimwambia Somoe tuache kumwagilia siku kadhaa ili mstari wetu ufanane na ya wengine. Akanitazama kana kwamba nimemwambia amnyime mtoto ziwa.

Bwalo la chakula lilikuwa na meza ndefu za mbao na harufu ya unga wa njano, ule wa msaada, uliotoa ugali wenye rangi ya tope la mtoni. Pale ndipo maneno yalipoanzia. Anjelina, dada kiranja wetu, msichana wa Masasi mwenye sauti ya kengele, alikaa mbele yetu na sahani yake ya maharage. "Nauliza tu," alisema, na meza nzima ikaacha kutafuna. "Udongo mmoja, maji mamoja, mbegu za gunia moja. Kwa nini mstari mmoja tu?" Mwingine akadakia, "Muulize Bubu." "Bubu hawezi kujibu, kajaza dawa mdomoni." Wakacheka. Somoe alisema kwa upole, "Dada Anjelina, kula, maharage yanapoa." "Nitakula. Lakini watu wa kijijini watakula nini, wewe wa ng'ambo? Maana huko kwenu naona mnaotesha vizuri, ya wenzenu ndiyo mnaiua." Hapo hakuna aliyecheka. Nilitazama ugali wangu mpaka ukawa mgumu. Neno lililokuwa linazunguka redioni na mikutanoni mwaka ule lilikuwa hujuma, na nililiona linakuja mezani kwetu kabla halijatamkwa, kama unavyomwona nyoka kwa majani yanavyotikisika.

Halafu siku moja mchana kipande cha reli kiligongwa. Ndiyo ilikuwa kengele yetu ya hatari, chuma cha reli ya zamani kilichoning'inizwa mbele ya ofisi. Tulikimbilia mahandakini wengine na sahani mkononi. Somoe na mimi tuliingia kwenye kona, pale handaki lilipokunja, tukachuchumaa tumebana migongo kwenye ukuta mwekundu, na juu huko ikawa inalia ndege, mbali, ikizunguka. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Huenda ilikuwa yetu. Nilikuwa nimeziba masikio, nikayazibua kwa sababu nilichoogopa zaidi ni kutosikia, ndipo nikasikia sauti upande wa pili wa kona. Alikuwa Madamu, na mgeni wake, afisa kutoka wilayani aliyekuwa na dhamana ya kijiji kipya. Nao walikuwa wamechuchumaa kama sisi, na naona woga ndio uliowafanya waongee.

"Nimekiona kitalu," afisa alisema. "Watu wale hawana kitu, Madamu. Nitawaambia nini? Miche yote inakufa, mstari wa huyo msichana wa ng'ambo unastawi. Unataka niandike nini?"

"Ni mtoto, Ndugu Afisa."

"Mtoto aliyetumwa na nani? Hujuma haina umri. Ijumaa nakuja na Landrova. Mwambie afungashe. Wakubwa wataamua, wakitaka wamrudishe alikotoka."

"Na mwenzake? Yupo mwingine katika mstari huo."

"Yukoje?"

"Yule hata salamu anaitikia kwa kichwa."

"Wa kimya ndio wabaya," alisema afisa.

Nilihisi maji ya moto kwenye miguu yangu na sikuona aibu, la kwanza katika maisha yangu ambalo sikulionea aibu. Somoe alikuwa amesikia yote. Hakulia. Alinishika kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu mpaka alama ilibaki. "Wakinirudisha," alininong'oneza, "kile kijiji hakipo. Kiliungua. Nitashuka kwenye mtumbwi niende kwa nani?"

Watu husema woga humfunga mtu mdomo. Wangu ulikuwa umefungwa tangu nizaliwe, na siku ile woga mpya, mkubwa kuliko ule wa zamani, uliusukuma nje kama kizibo. Nilimsihi Somoe twende kwa Mwalimu Kapinga. Alikataa, alisema atakayesikia habari ya kutambulisha mashamba ataongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Nikaenda peke yangu. Nilisimama kwenye mlango wa ghala la zana, palipokuwa na majembe na harufu ya magunia, nikasimama tu. Mwalimu alikuwa anachonga mpini. "Bubu," alisema bila kugeuka, "umekuja kuninyamazia na mimi?" Nikatembea mpaka mezani nikafungua leso na kumwaga konzi ya udongo mbele yake. Nikasema, "Wa nyuma ya jiko. Kila kiriba chetu. Ni hivyo tu." Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa.

Aliuchukua, akausugua kwa vidole, akaunusa. Halafu akasema kwamba chuoni walisoma, kwa kupita tu, ukurasa mmoja au miwili, kuhusu kuvu zinazoishi na mizizi. Nilishtuka. Kuvu? Kama ile inayoota kwenye mkate? "Ndugu yake wa mbali," alisema. "Kila ukoo una mwizi, haina maana ukoo mzima ni wezi." Akanieleza kwamba ziko kuvu nyembamba kuliko unywele zinazoingia kwenye mzizi wa mmea na kutandaa nje yake, zikafika mahali mzizi wenyewe hauwezi kufika, zikaleta chakula na maji, na mmea nao ukazilipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Muhogo unazitegemea. Mkorosho unazitegemea. "Na zinaishi juu, palipo na mizizi. Udongo wa handaki tumeutoa chini ya kina cha mtu. Kule hakuna aliyewahi kuishi." Alitazama nje, kwenye vile vilima vyekundu. "Tumeifungia miche kwenye nyumba isiyo na jirani." Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Lakini sina hakika, unajua? Kitabu ni kitabu. Madamu ameshatuambia habari ya Ijumaa. Nikikosea, watatuchukua watatu."

Nimeishi na habari hiyo miaka mingi sasa. Nilikuja kuwa na shamba langu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikifunua majani makavu chini ya miti ya msituni, nawaonyesha wageni nyuzi nyeupe zilizotandaa, nawaambia, hizi ndizo zilizomwokoa rafiki yangu. Mpaka mtaalamu mmoja kijana, kwa adabu, akanisahihisha: zile nyeupe za kwenye majani ni za aina nyingine, za mkorosho na muhogo hazionekani kwa macho kabisa. Nilifurahi kuliko alivyotegemea. Ilinielea kwa nini tuliogopa vile. Kilichokuwa kinatenda kazi katika mstari wetu hakuna aliyeweza kukiona, na kile kisichoonekana, mwaka ule, kilikuwa na majina mawili tu, uchawi au adui.

Niliporudi bwenini Somoe alikuwa ameshajua kwa uso wangu. "Nilikwambia usiseme." "Sikusema," nilimjibu. "Niliweka mezani." Akanipiga kofi la bega, halafu akajifunika shuka mpaka kichwani.

Ijumaa Landrova ilikuja. Somoe alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati mbele ya ofisi, amevaa sare iliyopigwa pasi, na shule nzima imesimama mstarini bila kuambiwa. Mwalimu Kapinga alimwomba afisa dakika chache. Jasho lilikuwa limepita kwenye lile shati jeupe. Alieleza konzi ya udongo, akaeleza kuvu, na nikaona uso wa afisa unakunjika. "Mwalimu, unaniambia kapaka miche ukungu, na hilo ndilo jambo zuri?" Watu wakaguna. Mwalimu akanyoosha kidole kitaluni. "Ndugu Afisa, tufanye hivi. Tuchukue mistari mitatu iliyodumaa. Wa kwanza tutie udongo wa nyuma ya jiko, kama ulivyo. Wa pili tutie udongo huo huo, lakini uliochemshwa. Wa tatu tuuache. Kama ni dawa ya kienyeji, au sumu, au majivu ya jikoni tu, kuchemsha hakutaondoa kitu, mistari miwili itakuwa sawa. Kama ni kitu kinachoishi, kwenye sufuria kitakufa, na utastawi mmoja peke yake."

"Na kama yote itabaki njano?"

"Utamchukua Somoe," alisema Mwalimu. "Na mimi utanikuta ofisini nimefungasha."

Bi Salma mpishi alikuwa amekuja na mwiko mkononi, mama mfupi wa Kimakonde aliyekuwa ametulisha wote. "Na mimi je?" alipaza sauti. "Udongo wa jikoni kwangu, mi ndo namwaga maji pale kila siku, mi ndo nafagia. Ntoto kachota tu. Nipande gari ama nikae nyuma na sanduku?" Mtu mmoja alicheka mstarini, halafu wengi, na nikamwona dereva wa Landrova naye kainamisha kichwa kuficha meno. Afisa hakucheka, ila alitazama saa, akatazama kitalu, akatazama barabara ya kwenda kijijini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wanaomsubiri huko na hakuwa na kitu cha kuwapelekea. "Mvua zikishika nitarudi," alisema. "Msichana huyu na mwenzake wasikanyage kitaluni. Ufunguo akae nao kiranja. Na udongo autie yeye mwenyewe kwa mkono wake, pasiwe na neno."

Basi Anjelina ndiye aliyechota, Anjelina ndiye aliyetia. Na Bi Salma ndiye aliyepika. Wenzangu pale Shangani walikosea, sufuria halikupasuka. Lilitokota kwa muda mrefu, zito, likipiga mapovu kama uji wa wagonjwa, na lilitoa harufu ya mvua ya kwanza, nikatamani kulia kwa jinsi harufu ile ilivyokuwa nzuri. "Nimepika mbaazi zenye wadudu," Bi Salma alilalamika akikoroga, "nimepika unga wenu wa njano, kwaheri heshima yangu. Anjelina, mwanangu, njoo uonje kama kimeiva, si ndiwe bibi shamba?" Anjelina alikunja uso, akasimama pale pale akilinda, asije mtu akabadilisha.

Tulisubiri. Sina cha kusimulia juu ya kusubiri kule ila kwamba kulikuwa kurefu na kwamba mistari yote mitatu ilikuwa njano. Kila asubuhi nilipita nje ya wigo wa makuti nikijifanya nakwenda bombani, nikachungulia penye tundu, njano, njano, njano. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa bahari. Kwa watu wote yalikuwa ni baraka, kwangu yalikuwa Landrova. Somoe alipunguza kula. Alinifundisha kutofautisha mngurumo: radi huja ikijiburuta, alisema, ile nyingine huanza ghafla na kukatika ghafla. Nilijua kwa nini ananifundisha. Alikuwa anataka bweni libaki na mtu wa kuliambia. Sikuwahi kumwambia kwamba nimejua.

Mvua ya kwanza ilipiga, ikakatika, ikapiga tena. Asubuhi moja tukiwa kwenye uji Anjelina aliingia bwaloni amelowa miguu, akaja moja kwa moja kwenye meza yetu. Alikuwa hana ile sauti yake. Aliweka ufunguo wa kitalu kando ya bakuli la Somoe. "Kaangalie," alisema. Somoe hakuugusa. Aliondoa hata kiwiko chake mezani. "Mpaka aje yeye," alisema. "Nikiingia leo mtasema nimebadilisha." Ufunguo ukabaki pale katikati ya mabakuli mpaka kengele ya darasa, na watu wakanywa uji wao wakiuzunguka kwa macho. Mimi nilikimbilia kwenye tundu langu la makuti. Mstari wa kwanza ulikuwa umetoa majani mapya, kila mche, mepesi na yanayong'aa, yamenyanyuka juu ya yale ya zamani ya njano. Wa pili, wa udongo uliopikwa na Bi Salma, ulikuwa umesimama vile vile, umedumaa, na wa tatu karibu yake kama pacha. Nilikaa chini kwenye tope.

Afisa alikuja. Alipita mistari mitatu huku mikono imeshikana nyuma, akarudi, akapita tena. Aling'oa mche mmoja wa kwanza na mmoja wa pili, akaisuuza mizizi kwenye ndoo, akaitazama kwenye mwanga, ingawa, sasa najua, hakukuwa na kitu cha kuonekana ila kwamba mmoja ulikuwa na ndevu nyingi na mwingine ulikuwa na chache. Alimuuliza Bi Salma kama kweli alichemsha. "Mpaka ukaiva, baba," Bi Salma alimjibu. Akamuuliza Anjelina kama kuna mtu aliyemwachia ufunguo. Anjelina alitikisa kichwa. Afisa hakuomba radhi kwa mtu, na hatukutegemea. Alisema tu, "Huyu abaki," bila kumtazama Somoe, na akaagiza kila kiriba kitiwe udongo wa chini ya mikorosho ya zamani siku hiyo hiyo, miche itakayopona ipelekwe hata kama ni kwa kuchelewa. Landrova iliondoka na kiti cha nyuma kitupu. Niliiangalia mpaka ikapinda kona.

Mchana ule shule nzima ilipanga foleni nyuma ya jiko la Bi Salma na makarai na vikombe vya uji. Somoe alikuwa amekaa kwenye kigogo kando, kwa sababu wasichana walikuwa wanamtaka yeye ndiye awachotee, kila mmoja akinyoosha chombo chake, "Somoe, nitilie na mimi," wale wale, kwa sauti tamu. Naye alikuwa anatia. Ikafika zamu ya Anjelina. Alikuwa na bakuli la bwaloni, amelishika kwa mikono miwili. "Nitilie," alisema, akatazama chini.

Somoe aliweka mikono yake nyuma, kama alivyozoea kuiweka alipokuwa anaulizwa maswali. "Chota mwenyewe, dada," alisema. "Ile miche iliyopona umeitia udongo wewe. Mimi sikuigusa."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Anjelina alilishusha bakuli. Akafungua viganja vyake akavitazama, kwanza kimoja, kisha kingine, akatazama na kucha zilizokuwa na weusi wa udongo, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kimeingia humo. Halafu akageuka kuwatazama wenzake waliokuwa nyuma yake, akiwahesabu kwa macho nani ananong'ona. Nilikuwa naujua uso ule wa woga. Nilikuwa nimeuvaa mwaka mzima. Nikatoka kwenye foleni, nikapiga magoti kando ya Anjelina, na tukachota wote.